Daladala ya Boksi: Namna ya Kumtengenezea Mtoto Vazi la Halloween kwa Dola Kumi

Mwaka wetu wa kwanza Minnesota, Marekani, nilimnunulia mwanangu vazi la Halloween dukani, kwa ule usiku ambao watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Lilikuwa la shujaa mwenye misuli ya sponji, bei yake dola 40 kasoro senti. Jioni ya tarehe 31 Oktoba tumefika mlangoni, nje nyuzi 1 ya sentigredi, mama yake akasema mtoto wake hatoki bila koti. Basi tukavisha koti juu ya misuli. Mtaa mzima waliona mtoto mwenye koti la bluu, wakampa pipi kwa huruma. Tuliporudi, mshono wa kwapani ulikuwa umefumuka hadi kiunoni.

Mwaka uliofuata mtoto huyohuyo alitoka akiwa daladala ya Mbagala–Kariakoo. Taa zinawaka, bibi yake amekaa siti ya dirishani, namba za gari zipo, na gharama yote haikuzidi dola 10 na senti 5. Tangu hapo kila Septemba napigiwa simu na wenzangu wa hapa wanaotaka kujua nilivyofanya. Nimechoka kueleza kwa simu, kwa hiyo naandika yote mara moja. Watu wa Nairobi, badilisheni michoro tu muwe na matatu. Boksi ni lilelile.

Kabla ya mkasi: je, ni lazima?

Si lazima. Shangazi yangu alipoona picha alinipigia kutoka Tanga: "Mwanangu, siku hizi mnamsherehekea shetani?" Nikamweleza nilichokijua. Jina lenyewe limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya tarehe 1 Novemba. Nyuma yake kuna desturi za kale za watu wa Ayalandi na Uskoti za kuaga mavuno na kuingia kipindi cha giza, na wahamiaji kutoka huko ndio waliozileta Marekani. Kwao walichonga taa kwenye tanipu, na huku wakakuta maboga, makubwa zaidi na mepesi kuchonga. Shangazi alisikiliza, akasema, "Haya, lakini msivae mapembe." Hatuvai mapembe.

Familia nyingi za Kiislamu na za walokole ninazozijua hazitoki kabisa usiku huo, na hakuna anayewagongea mlango kuwauliza. Makanisa mengine hupanga magari kwenye maegesho, buti wazi zimepambwa, watoto wakapita gari kwa gari kuchukua pipi. Daladala ya boksi inafaa huko vilevile, tena inafaa kuliko vazi lolote. Inafaa pia siku ya utamaduni shuleni, kama hutaki kusikia habari ya Oktoba.

Anza na koti

Hili ndilo kosa langu la dola 40, na ndilo naliona kila mwaka kwa wageni. Tunachagua vazi kwanza, koti tunalikumbuka mlangoni. Kwenye majimbo ya kaskazini fanya kinyume. Mvalishe mtoto kila atakachovaa usiku ule: suruali mbili, sweta, koti la baridi, kofia na viatu vya theluji kama vinaweza kuhitajika. Kisha jiulize ni vazi gani linaweza kukaa juu ya mzigo huo. Majirani zangu wazee bado wanasimulia Halloween ya mwaka 1991, theluji ilipoanza siku hiyohiyo na kuendelea hadi tarehe 3 Novemba. Minneapolis ilipata zaidi ya sentimita 70. Watoto walitoka hivyohivyo, wanasema. Siwabishii.

Ukishalikubali koti, mavazi ya kubana yanajiondoa yenyewe, na yanabaki yale ya umbo kubwa: boksi, mnyama mnene, boga, gari. Uzuri wake ni kwamba umbo kubwa husomeka gizani kutoka ng'ambo ya barabara, wakati urembo mdogo wa usoni hauonwi na mtu yeyote.

Koti lenyewe linaweza pia kuwa vazi. Chukua koti au sweta jeusi lenye kofia kutoka duka la mitumba, lijaze madoa meupe ya rangi kwa kuchovya ncha ya kizibo, shona kitambaa cha bluu kwenye kofia na vijipande viwili vyekundu chini ya kidevu. Tayari una kanga, yule ndege. Binti wa rafiki yangu alitoka hivyo, na mama yake akajifunga kanga ya kitambaa akafuatana naye. Wamarekani hawakuelewa kitu, sisi tulicheka hadi tukakaa chini kwenye ngazi.

Vitu vya kutafuta, na bei nilizolipa

Boksi usinunue. Omba. Maduka ya pombe yana maboksi magumu lakini madogo. Mazuri zaidi ni ya vifaa vya jikoni, na siku ya kutoa taka za karatasi mtaani utayaona yamesimama nje ya nyumba. Langu lilikuwa la oveni ndogo: urefu sentimita 60, upana 42, kimo 33. Linamtosha mtoto wa miaka mitano hadi saba. Kagua mambo mawili: lisiwe limelowa hata mara moja, na pembe ziwe hai. Boksi lililolegea pembe litainama kabla hujamaliza mtaa wa kwanza.

Nilivyonunua ni hivi: pakiti mbili za taa ndogo za kubonyeza, dola 2.50. Tepu inayorudisha mwanga, ile ya baiskeli, dola 3. Vijiti vya gundi ya moto, karatasi za rangi na betri, kila kimoja dola 1.25. Kuchapa picha maktaba, senti 80. Bastola ya gundi niliazima kwa jirani. Rangi nyeupe ya ukutani ilikuwa imebaki kwenye kopo chini ya ngazi. Kama huna, maduka ya vifaa vya ujenzi huuza vikopo vidogo vya majaribio kwa dola chache, na wakati mwingine huwa na rangi zilizochanganywa kimakosa ambazo mteja amezikataa. Hizo huuzwa kwa bei ya kutupa. Uliza kaunta ya rangi, hawaziweki mbele.

Jumla dola 10.05. Na jina la gari lenyewe lina dola ndani yake. Tuliambiwa tangu wadogo kwamba shilingi tano iliitwa dala, nauli ikawa dala, na makonda wakawa wanaita "dala, dala!" mpaka gari likabeba jina.

Vingine viko nyumbani: kisu cha kukatia maboksi, mkasi, rula, kamba, makapeni nyeusi, sahani za karatasi, foili ya jikoni, tepu pana ya kufungia mizigo, na kanga au shuka kuukuu utakayokubali kuichana. Hilo la mwisho jadilianeni na mwenye kanga. Mimi sikujadiliana.

Kupima

Mtoto akiwa na koti, msimamishe wima. Boksi halikai mabegani wala kifuani. Linaning'inia kiunoni kwa mikanda, mtoto akitokeza katikati kama abiria aliyesimama juu ya paa, na mikono yake inabaki huru juu ya gari. Wengi hutoboa matundu ya mikono ubavuni. Usifanye hivyo. Mtoto akijikwaa na mikono yake imefungiwa ndani ya boksi, uso ndio utakaotangulia chini.

Pima kutoka kiunoni hadi juu ya goti. Ukingo wa chini wa boksi ubaki angalau sentimita 5 juu ya goti, la sivyo atatembea kama amefungwa pingu. Kimo kikizidi, punguza boksi.

Kisha zungusha kamba kiunoni juu ya koti, usibane. Wangu alikuwa na sentimita 80. Gawanya kwa 3 upate upana wa duara, kama 26 au 27, ongeza sentimita 3 za kupumulia. Lakini usichore duara, chora yai, upana mkubwa ukielekea mabegani. Na yai hilo lisiwe katikati kabisa ya boksi. Lisogeze mbele, sentimita 13 hivi kutoka kioo cha mbele, ili sehemu ndefu ya gari ibaki nyuma yake. Niliweka katikati mara ya kwanza, na kwenye ngazi za jirani mtoto hakuona miguu yake hata kidogo. Alipapasa ngazi kama mzee. Nilikuja kukata boksi la pili usiku huohuo wa majaribio, na ndiyo maana nasema majaribio yafanyike siku nne kabla, si saa mbili kabla.

Kukata

Geuza boksi, upande uliofungwa uwe juu. Huo ndio paa. Ziba maungio yake kwa tepu ndani na nje. Upande wa chini uliofunguka una mbawa nne. Zikate zote, usitupe hata moja, ni mbao zako za akiba.

Kisu kipite mara tatu kwa wepesi, si mara moja kwa nguvu. Mpito wa kwanza unachora njia, wa pili unaingia, wa tatu unaachanisha. Anayelazimisha kwa mpito mmoja ndiye anayekata kidole, kwa sababu kisu kikikwama na kuachia ghafla huruka upande wa mkono ulioshika. Tandika kipande kingine cha boksi chini, meza ya watu isiharibike. Mtoto asishike kisu, mpe makapeni na umpangie kazi ya abiria, nitaieleza.

Ukilitazama boksi kwa ubavu utaona mifereji midogo ndani ya karatasi. Boksi hukubali kukunjwa kufuata mifereji na hukataa kukunjwa kuikata. Unapotaka kukunja kinyume, kwa mfano bampa ya mbele, pitisha kwanza kalamu iliyokauka wino kwa rula, ukikandamiza bila kuchana. Kisha kunja taratibu kwenye mstari huo. Itakunjika kama daftari.

Ukingo wa yai lile uvishe tepu pande zote mbili au uushonee sponji. Boksi likikwaruza koti la baridi la mtoto, utatumia zaidi ya dola kumi kununua jingine.

Mikanda: hapa ndipo magari mengi hufia

Mwenzangu mmoja alifunga kamba ya katani kwenye matundu manne, akaridhika. Baada ya nyumba sita kamba zilikuwa zimepasua boksi kama kisu kwenye siagi, na gari likashuka hadi vifundoni. Tatizo ni kwamba kamba nyembamba inavuta mahali padogo. Unahitaji mkanda mpana na mahali pa kuushikilia pagumu.

Chana kanga kuukuu vipande viwili vyenye upana wa sentimita 12, urefu mita moja na robo. Kunja kila kimoja mara tatu kwa urefu, upate mkanda laini wa vidole viwili. Chukua zile mbawa ulizozikata, ukate vipande vinne vya ukubwa wa kiganja, uvigundishe ndani ya boksi chini ya paa: viwili mbele ya yai, viwili nyuma. Hakikisha mifereji ya kiraka inakatisha mifereji ya paa. Hapo umepata kitu kama mbao. Subiri gundi ishike, toboa mpasuko mwembamba kupita tabaka zote mbili, pitisha mkanda kutoka juu, ndani ufunge fundo nyuma ya kijiti cha kulia wali wa Kichina, kile kinacholetwa na chakula cha kubeba. Kijiti kinalala ndani kikizuia fundo lisitoke, na uzito unasambaa.

Nyuma mikanda ipishane msalaba kama begi la zamani la shule, ndipo haitateleza mabegani. Mafundo yote yaache ya kurekebisha kwanza. Mvalishe: boksi chini sakafuni, anaingia kwa miguu kwenye tundu, unapandisha, unavisha mikanda. Gari likiinamia mbele fupisha mkanda wa mbele, likikaa matako chini fupisha wa nyuma. Hakuna hesabu hapa, ni jicho tu.

Rangi

Rangi ya maji hulilowesha boksi, likikauka linajipinda upande uliopakwa. Dawa yake ni kupaka kwa wepesi, tabaka mbili nyembamba, usiku mzima katikati, na kupitisha brashi mara moja pia kwa ndani ili pande zote mbili zivutane sawa. Rangi ya kupuliza ipulizwe nje, mbali na mtoto, na ikae siku mbili harufu iishe.

Usipokuwa na rangi, rudi kwenye gundi tuliyobandikia tiara utotoni. Kikombe kimoja cha unga wa ngano na vikombe vinne vya maji. Koroga unga na maji baridi kidogo kwanza usiwe na mabonge, mimina kwenye yaliyochemka, koroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Ukipoa, bandika karatasi nyeupe au gazeti boksi zima, lainisha kwa kiganja ukisukuma hewa pembeni. Inakauka kwa siku moja ndani ya nyumba yenye hita. Ukihifadhi gari hilo ghorofa ya chini mpaka mwakani panya watakushukuru, hilo nalo ulijue.

Nyeupe ikishakaa, piga mkanda mmoja wa rangi kuzunguka gari zima. Dar ukanda ndio unaomwambia abiria gari linakwenda wapi, kwa hiyo chagua rangi uliyoizoea kituoni kwenu. Chora mstari kwa tepu ya karatasi juu na chini, paka katikati, bandua tepu kabla rangi haijakauka kabisa. Ukisubiri ikauke itabanduka na rangi.

Abiria, namba na maneno ya nyuma

Hapa mwachie mtoto, na wewe mwenyewe ukae karibu, kwa sababu ndipo panaponoga.

Madirisha yatengeneze kwa karatasi nyeusi, matano kila ubavu. Halafu tafuta picha za watu wenu kwenye simu, ukate vichwa na mabega, uchape kwa ukubwa wa kiganja. Bibi yake yuko dirisha la kwanza, miwani imeteremka puani. Baba yake mdogo amesimama nyuma kwa sababu siti zimejaa. Shangazi wa Tanga tulimweka dirisha la mwisho, uso wa kukasirika ni wake wa kawaida, hatukuchagua. Mtoto wangu alikuwa hajawahi kuonana nao ana kwa ana isipokuwa bibi. Alipokuwa akiwapaka gundi aliuliza kila mmoja anashukia kituo gani, na ikabidi nimtajie Mtoni, Mtongani, Zakhem, Rangi Tatu, mpaka nikagundua napenda kuvitaja.

Kibao cha mbele kiandikwe kwa herufi nene: MBAGALA – KARIAKOO. Namba za gari ziwe kwenye karatasi nyeupe kwa maandishi meusi, kwani namba ya njano Tanzania ni ya gari binafsi, na ukikutana na Mtanzania atakusimamisha kama trafiki. Nyuma kuna maneno ya gari. Nilipendekeza "Riziki Mafungu", mwenye gari akakataa, akaandika mwenyewe kwa makapeni: PIPI KWANZA.

Magurudumu ni sahani nne za karatasi zilizopakwa nyeusi, na katikati kifuniko cha chupa kilichofunikwa kwa foili. Vioo vya pembeni ni vipande vya boksi, foili juu. Usivitokeze sana. Vitapasuka kwenye mlango wa kwanza.

Sasa kitu nilichokipenda kuliko vyote. Juu ya paa, mbele ya mtoto upande wa kulia, kata mpasuko wa sentimita 8 kwa 5 na uandike NAULI. Ndani ning'iniza mfuko mdogo wa kitambaa kwa pini za kufungia nepi. Anayetoa pipi anatumbukiza nauli. Mfuko uwe mfupi usigonge mapaja, na mzazi aumwage kwenye begi lake kila baada ya nyumba kumi, la sivyo gari litapinda kulia.

Taa si urembo

Utafiti mmoja wa Marekani ulipitia vifo vya watembea kwa miguu kuanzia mwaka 1975 hadi 2016 ukalinganisha jioni ya Halloween na jioni nyingine za karibu yake. Vifo vilikuwa juu kwa asilimia 43. Jua la Minneapolis siku hiyo linazama saa kumi na mbili jioni, kama kwetu, lakini mavazi mengi ni meusi na watoto wanavuka popote.

Ndiyo maana nasifu gari kuliko mzuka. Gari linatakiwa kuwa na taa. Bandika taa mbili za kubonyeza mbele, kila moja katikati ya kibakuli cha foili ili mwanga usambae, na mbili nyuma zilizofunikwa karatasi nyekundu laini ya zawadi. Usizigundishe moja kwa moja. Gundisha kipande cha zipu ya kunata (velkro), taa ishikwe nayo, ili ubadilishe betri. Tepu ya kurudisha mwanga ipite kwenye bampa zote mbili, ubavuni chini ya madirisha, na kipande kidogo kwenye kila kiatu, maana miguu inayotembea ndiyo dereva huitambua haraka kuwa ni mtu.

Bastola ya gundi ina moto wa kuunguza. Ile ya joto la juu hufika karibu nyuzi 190. Tumia ya joto la chini kama mtoto yuko karibu, na weka bakuli la maji baridi mezani kabla hujaanza. Kwenye vibaraza vya watu kuna maboga yenye mshumaa ndani, na boksi ni karatasi. Mfundishe asigeukegeuke mlangoni, arudi kinyumenyume hatua mbili kwanza, ndipo ageuze gari.

Mvua ikitabiriwa, funika paa na mbele kwa tepu pana ya plastiki, mistari ikipandiana kama vigae.

Majaribio ya barabarani

Siku nne kabla, gari lote likiwa tayari, mtoe mtoto nje usiku akiwa na nguo zote. Atembee hadi kona na kurudi. Apande ngazi tatu na kushuka, akishuka kiubavu huku ameinua gari kwa mkono mmoja. Ainame kuchukua kitu. Avue gari peke yake kwa chini ya nusu dakika, kwa sababu saa ya haja haitangazwi. Wewe vuka barabara umtazame kutoka mbali: taa zinaonekana? Maandishi yanasomeka?

Kwenye gari halisi daladala inakaa kwenye buti. Hata koti nene livuliwe kabla ya kufunga mkanda wa kiti cha mtoto, huo ndio ushauri wanaotupa kliniki, kwani koti husinyaa gari likigonga na mkanda unabaki umelegea.

Shule usibahatishe. Nyingi hukataza vinyago vinavyoziba uso na silaha za bandia, na baadhi zimeacha kabisa mavazi siku hiyo. Boksi la sentimita 60 halikai kwenye dawati. Wangu shuleni alivaa fulana na kofia ya konda tu, gari likamsubiri nyumbani.

Konda

Kaka mkubwa aliyesema yeye amekua na hataki mambo ya kitoto, mpe ukonda. Gharama yake ni bure: shati lililofunguka vifungo viwili juu ya sweta, kofia imepigwa upande, noti za kuchezea zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, sarafu tatu za robo dola za kuchezesha kiganjani. Akifika mlangoni watoto wengine wanasema "Trick or treat!", yaani toa pipi au tukufanyie utundu, naye anapiga bodi ya boksi mara mbili na kuita, "Kariakoo, Kariakoo, siti zipo!" Siti hazipo. Bibi mmoja Mmarekani jirani yetu alimuuliza maana yake, akaelezwa, na tangu mwaka ule anatusubiri kibarazani na sarafu ya senti tano ya kutumbukiza kwenye nauli pamoja na pipi.

Konda pia ana kazi ya kweli: anashika bega la mdogo wake kwenye kuvuka, na anajua kanuni moja ya mtaa, kwamba nyumba yenye taa ya kibaraza inagawa na iliyozima taa haigongwi.

Kurudi gereji

Saa mbili na nusu usiku gari linaingia nyumbani. Kabla ya usingizi toa betri kwenye taa, zikiachwa mwaka mzima huvuja na kuharibu vishikio. Mikanda ya kanga, taa na abiria bandua uweke kwenye mfuko mmoja, utavitumia tena. Boksi bandua tepu, likunje, litoke na taka za karatasi.

Kisha mwaga mfuko wa nauli mezani, utoe zenye karanga kama kuna mwenye mzio, uzitupe zilizofunguka. Zinazobaki zihesabiwe mbele ya dereva na konda wote wawili. Mimi ndiye tajiri wa gari, boksi niliomba mimi, na jioni ikiisha tajiri anadai hesabu yake: chokoleti saba. Mwaka jana waliniletea tano, wakasema barabarani kulikuwa na trafiki.